Saa Moja kwa Siku: Masomo ya Theolojia kwa Wanawake Wenye Majukumu katika Historia ya Kanisa

Utangulizi

Kila mara Kanisa linapojadili namna ya kuwapatia wanawake elimu ya theolojia, hoja moja hujitokeza mapema, nayo ni kwamba wengi wao hawana nafasi. Mama ana watoto, ana shamba, ana mgonjwa wa kumwuguza, pengine ana kazi ya ajira, na jioni kuna kikundi cha usharika kinachomngojea. Hoja hii ni ya kweli, wala hatukusudii kuipinga. Lakini mara nyingi hutamkwa kana kwamba ni jambo jipya lililoletwa na nyakati hizi, na kana kwamba jibu lake ni moja tu: mwenye nafasi aende chuoni, na asiye na nafasi aendelee kusikiliza mahubiri ya wengine.

Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba Kanisa la Matengenezo limelijua swali hili tangu mwanzo wake, na kwamba limelijibu zaidi ya mara moja kwa kubuni masomo ya saa chache yaliyomfuata mwanafunzi mahali alipo. Tutaonyesha pia kasoro iliyojirudia katika majibu hayo. Karibu kila mara masomo ya mwanamke yalipopunguziwa saa, yalipunguziwa na heshima vilevile. Alifunguliwa mlango, lakini ulikuwa mlango wa pembeni, na mara nyingi haukufika katika ukumbi ule walioingia wanaume. Kwa kuwa leo vyuo vyetu vinazidi kupanga masomo ya jioni, ya likizo na ya masafa, yafaa tuitazame historia hii kabla ya kuirudia.

1. Saa moja ya Luther

Mwaka 1520, katika maandishi yake kwa wakuu wa taifa la Kijerumani, Martin Luther alieleza shauku yake ya kuona kila mji una shule ya wasichana, ambamo wangefundishwa Injili kwa muda wa saa moja kila siku, kwa Kijerumani au kwa Kilatini. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe na kutunza shule za Kikristo. Humo alijibu pingamizi ambalo msomaji wa leo atalitambua mara moja. Wazazi walisema hawawezi kuwakosa watoto nyumbani kwa kuwa kazi ni nyingi, na kwamba si kila mtoto awezaye kulelewa kama bwana mkubwa.

Luther hakuzidharau kazi hizo. Alipendekeza kwamba mvulana aende shule saa moja au mbili kwa siku, na muda unaobaki afanye kazi nyumbani na kujifunza ufundi, ili mambo hayo mawili yaende pamoja. Kuhusu msichana alisema kwamba hakosi saa moja ya kwenda shule huku akizitimiza kazi za nyumbani. Aliongeza, kwa ule utani wake, kwamba muda unaozidi huo hupotea katika usingizi, ngoma na michezo.

Tunaona hapa jambo la msingi. Luther aliipanga shule kwa kuitazama kwanza siku ya nyumba. Hakuuliza mtoto gani hana kazi, bali aliuliza ni saa ngapi zinaweza kupatikana katika siku yenye kazi. Huu ndio mzizi wa kile tunachokiita leo masomo ya muda wa ziada, nao umo katika maandiko ya mwanzo kabisa ya mapokeo yetu.

Hata hivyo, waraka uleule una mpaka wake. Luther alitaka wanafunzi waliowazidi wenzao kwa vipawa waachwe shuleni muda mrefu zaidi, ili wapatikane walimu, wa kiume na wa kike, pamoja na wahubiri na watumishi wengine wa Kanisa. Kwa hiyo alimwona mwanamke mwalimu, lakini njia ya mimbarini na chuo kikuu ilibaki ya mvulana. Mpaka huo ulionekana wazi utaratibu ulipowekwa. Johannes Bugenhagen alipotunga kanuni za Kanisa katika mji wa Braunschweig mwaka 1528, aliweka shule za Kilatini za wavulana, ambazo ziliandaa vijana kwa masomo ya juu, na pia shule za wasichana. Wasichana walitakiwa kuhudhuria saa moja au mbili tu kwa siku, wajifunze kusoma, katekisimo, nyimbo na habari za Biblia, kwa kipindi kifupi, kisha warudi kwa mama zao. Bugenhagen alitumaini kwamba kutoka kwao wangepatikana mama watakaowalea watoto katika Neno. Hilo ni tumaini jema. Lakini saa moja ya msichana haikuunganishwa na ngazi yoyote ya juu yake. Hakuna aliyeeleza angefanya nini yule msichana ambaye saa ile ingemwamshia kiu ya kujua zaidi.

2. Mama aliyeandikia chuo kikuu

Kiu hiyo ilikuwapo. Mwaka 1523, kabla ya waraka wa Luther kwa madiwani, mwanamke mmoja wa Bavaria aliwaandikia wakuu wa Chuo Kikuu cha Ingolstadt. Jina lake ni Argula von Grumbach. Alizaliwa mwaka 1492 katika familia ya kikabaila, na alipokuwa na umri wa miaka 10 baba yake alimpa Biblia ya Kijerumani. Alipoandika barua yake alikuwa mke wa afisa wa serikali na mama wa watoto wanne. Hakuwa amesoma Kilatini, wala hakuwahi kuketi darasani chuoni.

Sababu ya barua ilikuwa kijana Arsacius Seehofer, aliyelazimishwa na chuo hicho kuyakana mafundisho ya Wittenberg mnamo Septemba 1523, kisha akapelekwa kufungiwa katika monasteri ya Ettal. Argula aliona kwamba hakuna mwanamume aliyethubutu kusema, naye akaandika tarehe 20 Septemba. Aliwataka maprofesa wamwonyeshe ni wapi katika Maandiko mafundisho hayo yalipokosea, akasema yuko tayari kujadiliana nao hadharani, mradi iwe kwa Kijerumani. Barua hiyo imejaa marejeo ya Biblia, kutoka kwa manabii hadi nyaraka za mitume, yaliyopangwa kama hoja ya mtu aliyekwisha kuyatafakari kwa miaka mingi. Ilichapishwa mara nyingi katika majuma machache na kusomwa mbali.

Maprofesa hawakumjibu. Adhabu ilimwangukia mumewe, aliyeondolewa katika kazi yake, na mumewe hakuwa upande wa Matengenezo. Nyumba ikaingia katika shida ya fedha na ya amani pia. Hata hivyo Argula aliendelea kuandika, na mwaka 1530 alikwenda Coburg akaonana na Luther mwenyewe.

Wanafunzi wa historia humtaja Argula kwa ujasiri wake, nao hufanya vyema. Sisi tungependa atazamwe pia kama mwanafunzi. Alisoma theolojia katika nafasi zilizobaki kati ya malezi na usimamizi wa nyumba, kwa lugha aliyoifahamu na kwa vitabu alivyoweza kuvipata. Mfano wake waonyesha kwamba elimu ya namna hiyo inaweza kuwa na kina. Waonyesha pia kwamba elimu isiyotambuliwa na chuo chochote haimlindi mwenye nayo. Maprofesa wale hawakulazimika kuupima ukweli wa hoja zake. Iliwatosha kwamba hakuwa mtu wa chuoni.

3. Kuchagua kati ya nyumba na huduma

Karne zilizofuata hazikuleta mabadiliko makubwa. Philipp Jakob Spener alipoanzisha mikutano ya kujifunza na kujengana kiroho katika nyumba yake huko Frankfurt mwaka 1670, wanawake waliweza kuhudhuria na kusikiliza, wakiketi kando, bila kusema. Nyumba ilikuwa imekuwa darasa tena, lakini mwanamke alikuwa msikilizaji tu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 milango ya vyuo vikuu vya Ujerumani ilifunguka. Prussia iliwaruhusu wanawake kujiandikisha kama wanafunzi kamili mwaka 1908, na baadhi yao wakachagua theolojia. Walisoma Kiebrania na Kigiriki, wakafaulu mitihani, na ndipo Kanisa likalazimika kuamua liwafanyie nini. Mwaka 1927 Kanisa la Muungano la Prussia ya zamani lilitunga sheria ya cheo cha Vikarin. Mwanamke mwenye cheo hicho aliweza kufundisha wanawake na watoto na kuwatembelea wagonjwa, lakini hakubarikiwa kuwa mchungaji kama wanaume, na alipoolewa alipaswa kuiacha kazi. Sharti hilo la kutoolewa lilidumu kwa namna mbalimbali katika makanisa mengi ya Ujerumani kwa miongo kadhaa baadaye.

Sheria hiyo ina uzito kwa mada yetu. Hapa elimu haikupunguzwa hata kidogo: wanawake walisoma saa zote na kufanya mitihani yote. Kilichowekwa ni uchaguzi kati ya nyumba na huduma, uchaguzi ambao mwanamume hakuulizwa. Mchungaji wa kiume alioa, na mkewe akategemewa kuutumikia usharika bila mshahara. Mwanamke mwanatheolojia akiolewa, elimu yake yote ilihesabiwa kuwa imefika mwisho.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Mwaka 1905 Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, alianzisha Stashahada ya Theolojia ya Lambeth kwa ajili ya wanawake, hasa wale waliofundisha au waliotaka kufundisha somo la dini. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge wakati huo viliwaruhusu wanawake kusikiliza mihadhara na kufanya mitihani bila kuwapa shahada. Oxford ilianza kuwapa mwaka 1920, na Cambridge mwaka 1948. Stashahada ya Lambeth haikumdai mwanafunzi akae chuoni. Mwalimu wa shule aliweza kujisomea jioni na wakati wa likizo, kisha akafanya mtihani mgumu na kupewa jina la Mwanafunzi wa Theolojia. Kwa mwalimu aliyekuwa akifundisha Maandiko kwa kubahatisha, hiyo ilikuwa hatua kubwa, na viwango vyake viliheshimiwa. Lakini tukiuliza stashahada hiyo ilimfikisha wapi, jibu ni kwamba ilimrudisha darasani kufundisha. Haikumfungulia huduma yoyote ya Kanisa ambayo hakuwa nayo.

Tunapoiweka mifano hii miwili pamoja tunauona ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Mahali pengine mwanamke aliruhusiwa kusoma yote akaambiwa aiache nyumba. Kwingine aliruhusiwa kubaki na kazi zake, akapewa hati ya pembeni.

4. Chuo kinachomfuata mwanafunzi

Badiliko kubwa zaidi katika mpango wenyewe wa masomo lilitoka Guatemala. Mwaka 1963 Seminari ya Kipresbiteri ya nchi hiyo, ambayo makao yake yalikuwa San Felipe katika jimbo la Retalhuleu, iliamua kugeuza utaratibu wake. Wahusika wakuu walikuwa wamisionari James Emery na Ralph Winter, na baadaye Ross Kinsler. Waligundua kwamba chuo cha bweni kiliwachukua vijana wachache kutoka vijijini, wengi wao hawakuishia katika uchungaji wa sharika za vijijini, na huku viongozi halisi wa sharika, watu wazima wenye familia na mashamba, hawakuweza kamwe kuja chuoni.

Mpango mpya ulikuwa na sehemu tatu. Kwanza, mwanafunzi alijisomea nyumbani kwa kutumia kitabu kilichogawanywa katika hatua fupi, chenye maswali ya kujipima. Pili, alikutana na wenzake pamoja na mkufunzi mara moja kwa juma katika kituo cha karibu, na mkufunzi ndiye aliyesafiri. Tatu, aliyatumia aliyojifunza katika huduma aliyokuwa nayo tayari. Masomo yalipangwa kwa ngazi, ili mwenye elimu ya msingi na mwenye elimu ya sekondari wote wapate mahali pa kuanzia.

Waanzilishi hawakuubuni mpango huu kwa ajili ya wanawake. Walikuwa wakiwatafuta wazee wa Kanisa na wahubiri wa vijijini. Lakini kwa kuwa uliacha kumdai mwanafunzi aihame nyumba yake, mpango huo ulimfikia mama kwa urahisi kuliko chuo chochote kilichotangulia. Katika miaka ya 1970 ulienea Amerika ya Kusini, Asia na Afrika, na kwa Kiswahili ukajulikana kuwa elimu ya theolojia kwa enezi.

Wakosoaji walikuwapo, na baadhi walikuwa na haki. Vitabu vya kujaza nafasi zilizoachwa wazi vilimzoeza mwanafunzi kukisia jibu lililotakiwa badala ya kuuliza swali lake mwenyewe. Vitabu vingi vilitafsiriwa kutoka mazingira mengine, vikajibu maswali ambayo hayakuulizwa hapa. Na palepale swali la zamani likarudi: je, aliyehitimu kwa enezi ni sawa na aliyehitimu bwenini? Mahali pengi jibu la vitendo lilikuwa hapana. Enezi ikawa ya walei, wainjilisti na akina mama, na bweni likabaki njia ya uchungaji.

5. Kwetu Tanzania

Vyuo vyetu vya theolojia vilizaliwa kabla ya wimbi hilo. Mafunzo ya pamoja ya wachungaji wa Kilutheri yalianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, yakahamia Makumira mwaka 1954. Makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), chuo hicho kiliendelea kuwa kisima cha wote, na mwaka 1997 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini. Hatuna sababu ya kuyadharau maisha ya bweni. Ibada ya asubuhi, mabishano ya jioni, maktaba, na urafiki kati ya watu wa makabila na dayosisi mbalimbali vimelijenga Kanisa hili.

Lakini bweni lilijengwa kwa kumwazia mwanamume. Akiwa na mke, aliweza kumwacha nyumbani atunze shamba na watoto, au kufuatana naye. Katika vyuo vingi vya Afrika waliofuatana na waume zao waliandaliwa masomo ya wake: Biblia kidogo, malezi, upishi, ushonaji, na uongozi wa vikundi vya akina mama. Masomo hayo yalisaidia, na wake wengi wa wachungaji waliyatumia kwa miaka mingi sharikani. Lakini mama huyo aliishi hatua chache kutoka maktaba ileile, akasikia kengele ileile, na akaondoka bila cheti kilicholingana na cha mumewe. Kama yule msichana wa Braunschweig, alipewa saa yake bila kupewa ngazi.

Nje ya vyuo nchi ilikuwa ikijifunza njia nyingine. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walijifunza katika vikundi vya vijijini kwa kusikiliza redio, kusoma kijitabu chepesi na kuongozwa na mwenzao. Wakati huohuo, kati ya mwaka 1963 na 1977, kituo cha redio cha Addis Ababa kilichoanzishwa na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kilirusha pia vipindi vya Kiswahili vilivyotayarishwa Moshi, vikasikilizwa na watu wakiwa majumbani mwao. Baadaye Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kikathibitisha kwamba mtu mwenye ajira na familia aweza kupata shahada kamili bila kuhamia chuoni. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba njia hii ni ngeni kwetu. Watu wetu walijifunza hivyo chini ya miembe na katika madarasa ya jioni kabla vyuo vyetu vya theolojia havijaipa mahali pa heshima.

Kisha likaja badiliko la mwaka 1990. KKKT liliamua kwamba wanawake waweze kubarikiwa kuwa wachungaji, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka 1991, ingawa dayosisi hazikulitekeleza jambo hilo kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo walikuwapo wanawake waliokwisha kusoma theolojia na kutumika kama walimu na watumishi wa sharika bila kubarikiwa. Mwaka 1989 Mercy Amba Oduyoye na wenzake walikuwa wamezindua huko Accra Mzunguko wa wanatheolojia wanawake wa Afrika, ambao wanachama wake waliahidiana kufanya utafiti na kuandika katikati ya kazi na malezi. Uamuzi wa KKKT ulikipatia kile ambacho Luther, Spener na Lambeth hawakukifanya: uliiweka ngazi mbele ya mwanamke msomi. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba mama asiyeweza kuhamia chuoni anaweza kuifikia ngazi hiyo.

6. Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, saa ya masomo hutolewa na mtu. Luther aliona kwamba saa moja haikosekani, lakini alimfikiria msichana mwenye mama nyumbani. Mama mwenye nyumba akikaa na kitabu, yupo mtu anayepaswa kuchota maji, kupika au kumbembeleza mtoto. Argula alilipa gharama hiyo ndani ya ndoa yake. Kwa hiyo chuo kinachoanzisha masomo ya aina hii kizungumze pia na mume, wakwe na baraza la wazee. Usharika unaochangia karo ya kijana anayekwenda bwenini ujiulize unachangia nini kwa mama anayesomea nyumbani: vitabu, taa, nauli ya kufika kituoni, au siku mbili za kumpumzisha na kazi za kikundi wakati wa mtihani. Ratiba nayo ifuate mwaka wa mwanafunzi. Asidaiwe kazi kubwa wakati wa palizi, na aliyejifungua aweze kusimama muhula mmoja na kurudi pale alipoishia.

Pili, muda uongezwe ili kina kisipungue. Tufanye hesabu. Saa moja kwa siku, siku 6 kwa juma, majuma 40 kwa mwaka, ni saa 240. Tukikadiria kwamba mwanafunzi wa bweni husoma saa 40 kwa juma, majuma 30 kwa mwaka, kwa miaka 3, tunapata saa 3,600. Kwa saa moja kwa siku mama angehitaji miaka 15. Ni vema tumwambie ukweli huu badala ya kumpa robo ya elimu na kuiita nzima. Lakini akipata saa 2 kwa siku, na kila mwaka akaja chuoni kwa majuma 4 ya likizo yenye saa 40 kila moja, atafikisha saa 640 kwa mwaka, na masomo yaleyale yatakamilika kabla ya mwisho wa mwaka wa 6. Majuma hayo manne yatampa pia ibada ya pamoja, maktaba na mabishano ambayo simu na kitabu peke yake haviwezi kuyatoa, mradi chuo kiandae mahali pa watoto wachanga na mtu wa kuwatunza. Leo masomo yanaweza kutumwa kwa simu, na hilo ni msaada mkubwa. Lakini kutuma kurasa si kufundisha. Mkufunzi wa Guatemala alipanda gari akamfuata mwanafunzi kila juma. Nasi tusiache kukutana.

Tatu, mlango uelekee katika ukumbi uleule. Cheti cha enezi kihesabiwe kinapopelekwa chuoni kwa stashahada, na stashahada kwa shahada. Mtihani uwe mmoja kwa wote. Na pale mama anapotimiza masharti yote ya masomo na wito wake ukathibitishwa, swali la ubarikio wake lisianze upya kwa sababu tu alisomea nyumbani. Bila hivyo tutakuwa tumeanzisha tena Stashahada ya Lambeth: masomo magumu yanayomrudisha mtu palepale alipokuwa.

Hitimisho

Luka anatueleza kwamba Yesu aliingia katika nyumba ya Martha, na humo Mariamu akaketi akamsikiliza (Luka 10:38–42). Tumezoea kuhubiri juu ya uchaguzi wa Mariamu. Tuangalie pia kwamba Mwalimu ndiye aliyekuja nyumbani, mahali penye jiko na kazi, na kwamba alipomtetea Mariamu hakumpa somo lililo pungufu kuliko la wanafunzi wengine. Prisila naye, aliyeshona mahema pamoja na mumewe, alimchukua Apolo kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Aliyefundishwa alikuwa msomi na mhubiri. Waliomfundisha walikuwa watu wa kazi za mikono.

Miaka 500 imepita tangu Luther aombe saa moja kwa ajili ya msichana wa mjini. Kanisa lilimpa saa hiyo mara nyingi, kwa jina la shule, mkutano wa nyumbani, stashahada, masomo ya wake na enezi. Mara chache lilimpa pia njia ya kuendelea. Sasa tunao uamuzi wa Kanisa, tunayo lugha moja inayoeleweka kutoka Kagera hadi Mtwara, na tunavyo vyombo vya kupelekea masomo. Tunaofundisha vyuoni, tunaoketi katika mabaraza ya dayosisi, na tunaojiandaa kuingia uchungajini tunaulizwa jambo lililo wazi: mama atakayemaliza masomo yake baada ya miaka sita ya usiku na likizo, je, atatukuta tumemwekea kiti?